Seva mbili na bado tumezima: dalili za klasta mbovu na pa kuanzia

Ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, kamwene kwa wa Iringa, wengine wote habari za saa hizi. Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile kwenye simu, na simu yenyewe huwa inaingia saa mbili usiku, mvua inanyesha, radi inapiga huko Loleza, halafu mtu anasema kaka tulinunua seva mbili makusudi ili moja ikifa nyingine ishike, mbona sasa hivi zote hazifanyi kazi.

Mimi nazunguka Mbeya mjini, Mbozi, Makambako mpaka Iringa. Wateja wangu ni saccos, maduka ya jumla, zahanati na shule. Chumba cha seva cha kwenye picha hakuna, wengi seva zipo stoo jirani na madumu ya rangi. Kwa hiyo haya ni ya huku kwetu, klasta (seva zilizofungwa pamoja ili moja ikifa nyingine ishike) za nodi mbili au tatu, nodi ni kila seva moja humo, zinazotumia programu za kuzisimamia kama Pacemaker na Corosync, au Proxmox, au keepalived tu na database mbili nyuma yake. Nimepanga kwa dalili, na kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi halafu nashuka kwenda kwenye zile za nadra, usirukie za chini kwa sababu zinaonekana za kitaalamu zaidi.

Kabla hujagusa chochote

Usirestati seva zote mbili. Najua mkono unawasha, lakini ukiona moja bado inahudumia watu iache kabisa. Piga picha skrini zote kwa simu maana logi zingine zikipita zimepita. Na kama ni Pacemaker, iweke kwenye hali ya matengenezo kwanza, `pcs property set maintenance-mode=true`, la sivyo wewe unazima huduma huku na yenyewe inaiwasha kule, mnakuwa mafundi wawili kwenye injini moja. Ukimaliza kumbuka kuirudisha false, nimewahi kuikuta klasta imekaa miezi kwenye matengenezo na mwenye ofisi analala usingizi akijua analindwa.

Dalili ya 1: umeme umekatika na zote zimezima kwa pamoja

Hii ndo ya kwanza kwa mbali. Sababu namba moja ni kwamba seva zote mbili zimechomekwa UPS moja (lile boksi la betri ya akiba), au UPS mbili lakini ekstensheni moja inayotoka soketi moja. Fuata waya kwa mkono, usikubali kuambiwa. Juni na Julai baridi ikishakolea Uyole au Mafinga huko, karani anatafuta soketi ya kuchomeka hita, na soketi iliyo wazi siku zote ni ile ya nyuma ya UPS. Nimeikuta hiyo mara tatu na mara zote tatu fundi aliyenitangulia alikuwa kwenye programu anabadilisha mipangilio.

Sababu ya pili ni betri za UPS zimeshakufa. Zile za asidi zikifika miaka 3 mpaka 5 zinakuwa mapambo, taa ya kijani inawaka vizuri lakini umeme ukikatika unapata sekunde chache tu. Kipimo chake rahisi: Jumamosi jioni watu wameondoka, chomoa UPS ukutani, shika saa, hesabu. Kama haifiki muda wa jenereta kuwaka na kutulia, mara mbili yake, badilisha betri.

Ya tatu inawachanganya sana watu, jenereta imewaka, taa za ofisi zinawaka, ila UPS inaendelea kula betri mpaka inazima. Jenereta ndogo umeme wake unayumba, UPS inaukataa inauona mchafu. UPS nyingi zina mpangilio wa kupunguza ukali huo, tafuta kwenye menyu yake kabla hujalaumu jenereta.

Zikiwa sawa hizo zote, ndo ufikirie seva zenye pawa saplai mbili, kila moja kwenye UPS yake, na UPS zenyewe kwenye sakiti tofauti. Halafu weka programu ya NUT ili betri ikikaribia kuisha seva zizime zenyewe kwa adabu badala ya kudondoka.

Hapa simama uite fundi umeme mwenye leseni: ukisikia harufu ya kuungua, betri ya UPS imevimba, sakiti breka inarudi kuanguka kila ukiipandisha, au jengo halina athi. Usifungue UPS hata ikiwa imechomolewa, kuna umeme unabaki ndani. Na kipindi cha mvua, Novemba mpaka Aprili, radi haipigi umeme tu, inaingia pia kwa waya wa mtandao uliopita nje ya jengo. Kati ya jengo na jengo tumia faiba, yenyewe haipitishi umeme.

Dalili ya 2: nodi ya kwanza imekufa, ya pili iko hai, lakini haishiki kazi

Hapa ndo penyewe. Mteja anaona seva inawaka taa, inajibu ping, lakini huduma hazipo, na anahisi kaibiwa. Cheki kwanza `pcs status`, au `pvecm status` kama ni Proxmox, na utafute neno quorum.

Mara nyingi jibu ni akidi. Ni akidi ile ile ya kikao cha saccos, wajumbe wasipozidi nusu kikao hakifanyiki, hata kama waliokuja wana hoja nzuri. Nodi mbili zina kura mbili, moja ikifa inabaki kura moja kati ya mbili, hiyo ni nusu siyo zaidi ya nusu, kwa hiyo iliyobaki inakaa kimya. Na inakaa kimya kwa sababu nzuri, haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au waya tu umekatika. Corosync ina mpangilio wa `two_node: 1` unaoruhusu nodi mbili kuendelea na kura moja, lakini ujue ukiuwasha unakuja na mwenzake `wait_for_all`, maana yake zikiwa zimezima zote, nodi ya kwanza kuwaka itamsubiri mwenzie mpaka aonekane. Wengi wanadhani imeharibika kumbe inasubiri.

Dawa ninayoipenda mimi ni kura ya tatu. Haihitaji seva ya tatu, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inayoendesha programu ya kura inayoitwa qnetd inatosha, inapiga kura tu haibebi data. Iweke jengo lingine au angalau umeme mwingine. Ukiiweka kwenye UPS ile ile ya nodi ya kwanza, siku UPS inakufa unapoteza kura mbili kwa mpigo na umerudi pale pale.

Sababu ya pili, na hii ni ya kichawi kidogo mpaka ueleweshwe. Akidi ipo, lakini fensi imeshindwa. Fensi ni ule utaratibu wa nodi iliyo hai kumzima kwa nguvu yule asiyejibu kabla ya kuchukua kazi zake, kifupi chake cha Kiingereza ni STONITH na maana yake ni mpige mwenzio risasi ya kichwa, walioipa jina hawakuwa na utani. Sasa wengi wanatumia iLO au iDRAC, kile kidude cha ndani ya seva cha kuiwasha na kuizima kwa mtandao, kumzima mwenzie. Freshi kabisa, ila hicho kidude kinakula umeme wa seva ile ile. Seva ikikosa umeme kabisa, na iLO yake inazima, nodi iliyo hai inapiga hodi haijibiwi, haina uhakika kama yule kafa, inagoma kuchukua kazi. Yaani klasta inashindwa kupona kutoka kwenye tatizo lile lile ililonunuliwa kulitibu. Kwenye logi utaona fence ikijaribu na kufeli, inajaribu tena, inafeli tena. Tiba ni kuweka ngazi ya pili ya fensi, mfano soketi za PDU (ekstensheni ya seva) zinazozimwa kwa mtandao, au watchdog na SBD, ambapo nodi inajizima yenyewe ikipotezana na wenzake (ile isiyo na diski ya pamoja inataka ile kura ya tatu kwelikweli).

Sababu ya tatu, huduma imejaribu kuwaka nodi ya pili ikafeli kwa sababu nodi ya pili haifanani na ya kwanza. Mtu aliapdeti moja akasahau nyingine, cheti cha TLS kipo huku kule hakipo, paswedi ilibadilishwa upande mmoja. Rekebisha, kisha `pcs resource cleanup`, maana Pacemaker inakumbuka ilifeli mara ngapi na inaweka kinyongo. Ya mwisho na ya nadra, kuna sheria ya zamani inayokataza huduma kukaa nodi ya pili, mara nyingi imeachwa na mtu aliyehamisha huduma kwa mkono akasahau kuifuta. `pcs constraint` itakuonyesha.

Onyo: mtandaoni utaambiwa piga `pvecm expected 1` uendelee na maisha, au uzime fensi kwa `stonith-enabled=false`. Hiyo ya kwanza ruhusa pale tu umesimama kwa miguu yako mbele ya nodi iliyokufa na umechomoa waya wake wa umeme kwa mkono. Ya pili mimi siifanyi kwenye data ya watu, na sababu ndo dalili inayofuata.

Dalili ya 3: zote mbili zinajiona ndo mkuu

Vichwa viwili, spliti breini. Kwa nje unaiona hivi: nusu ya ofisi inaona data hii, nusu inaona ile, au IP ile ile inajibu kutoka mashine mbili.

Saccos moja, sitaitaja, seva moja ilikuwa chini na nyingine ghorofani, swichi mbili zimeungwa kwa waya mmoja uliopita juu ya dari. Panya wakala waya. Fensi ilikuwa imezimwa kwa sababu ilikuwa inasumbua, maneno ya aliyeifunga hayo. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa kaunta ya chini inaandika kwenye seva ya chini, dawati la mikopo la juu linaandika kwenye seva ya juu, hakuna aliyegundua kwa sababu kila mtu kwake mambo yanaenda. Tuligundua kwa risiti. Mama mmoja kaweka shilingi 60,000 risiti namba 4417, mzee mmoja karejesha mkopo 350,000, risiti namba 4417. Ilituchukua siku nne na rundo la vikaratasi kuunganisha siku moja. Wangepoteza huduma masaa sita ingekuwa nafuu mara kumi.

Sababu kwa mpangilio wake: njia ya mapigo ya moyo (ishara za niko hai) kati ya nodi ni moja tu, fensi haipo, na kwa wanaotumia keepalived, ukuta wa moto (firewall) umezuia VRRP, lugha ambayo keepalived inaongelea kati ya nodi. Hiyo ya mwisho inakamata hata wazoefu, wanafungua porti 112 wakati VRRP haina porti, ni itifaki namba 112, sheria yake inaandikwa tofauti. Corosync yenyewe kwa kawaida inatumia UDP 5405, hakikisha imepita pande zote mbili.

Cha kufanya ukiikuta: kata watumiaji kwanza, chomoa waya wa upande wa ofisi. Usiunganishe nodi zikaanza kuongea. Chukua nakala kamili ya diski za pande ZOTE mbili, narudia zote mbili, hata upande unaouona hauna maana. Kama ni DRBD, ile inayonakili diski ya seva moja kwenda nyingine, utaiona imeandika StandAlone, na maelezo yote yatakuelekeza kwenye `drbdadm connect --discard-my-data`. Soma hilo neno discard taratibu. Upande utakaoliandikia, yote uliyoandika tangu mpasuko yanafutwa, na ukikosea upande ndo basi tena.

Hapa kama kuna pesa au mafaili ya wagonjwa na hujawahi kufanya, acha. Piga simu. Kuchagua upande upi ubaki ni maamuzi ya mwenye data, siyo ya fundi wa zamu. Baada ya hapo weka njia mbili za mapigo zinazopita sehemu tofauti, mojawapo waya wa moja kwa moja seva kwa seva bila swichi.

Dalili ya 4: failova (kazi kuhamia nodi ya pili) imefanyika, klasta ina furaha, ila watu bado hawaingii

Anza na kompyuta ya mtumiaji, programu imeandikiwa IP gani? Nusu ya kesi zangu mtu aliandika IP halisi ya nodi ya kwanza badala ya ile IP inayohama. Dakika mbili umemaliza.

Ikiwa IP ni sahihi, pima muda. Kama watu wanakwama karibu dakika 15 halafu ghafla mambo yanafunguka yenyewe, hiyo ni koneksheni ya zamani, Linux inaendelea kumtumia paketi seva iliyokufa mpaka ikate tamaa, `tcp_retries2` ikiwa 15 inachukua kama sekunde 924. Kurestati programu kunatibu kwa sasa, tiba yenyewe ni kuweka keepalive na taimauti fupi kwenye programu.

Kama ni baadhi ya mashine tu, hasa za upande wa pili wa rauta, rauta bado inakumbuka anwani ya kadi ya mtandao ya seva ya zamani. `arping -U` kutoka nodi mpya itaiamsha, na keepalived ina `garp_master_refresh` ya kurudia tangazo hilo kila baada ya muda. DNS iwe ya mwisho kuishuku, isipokuwa kama mlitegemea DNS kufanya failova, hapo iwe ya kwanza.

Dalili ya 5: huduma inarukaruka, huku, kule, huku

Angalia saa inayotokea. Kama ni saa sita usiku kila siku, ni bakapu inajaza mtandao ule ule unaopitisha mapigo. Tenganisha, au ipunguze kasi. Kama inatokea nodi ya zamani ikirudi tu, ni huduma inakimbilia nyumbani, ongeza `resource-stickiness`, na kwenye keepalived weka `nopreempt` (nodi zote ziwe BACKUP ndo inafanya kazi). Ya nadra kidogo ni diski za polepole, hasa kwa wenye Patroni na etcd, zile zinazochagua seva kuu ya database: etcd kwa kawaida inapiga mapigo kila milisekunde 100 na uchaguzi mpya ni milisekunde 1000, sasa diski ikiganda sekunde nzima kiongozi anapinduliwa akiwa mzima wa afya. Ihamishie SSD nzuri kabla hujaanza kurefusha taimauti.

Na kuna wale waliotaka nodi moja Mbeya nyingine Dar ziwe klasta moja. Piga hesabu mwenyewe. Kwa barabara ni kilomita 800 na kitu, mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwenda 4 kurudi 4, umeshafika 8 kabla ya rauta hata moja, wakati Proxmox wanashauri mtandao wa klasta uwe chini ya 5. Faiba yenyewe inapita pembeni ya barabara inayochimbwa, na Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini mliona hali ilivyokuwa. Klasta ikae jengo moja au mji mmoja. Dar weka nakala inayofuata nyuma, na kuiamsha iwe kazi ya mtu mwenye akili timamu na simu mkononi.

Dalili ya 6: failova nzuri, lakini miamala ya mwisho haipo

Replikesheni yenu (kunakili data kwenda seva ya pili) haisubiri, seva kuu inamwambia mtumiaji tayari kabla nakala haijapokea. Sekunde hizo za mwisho zimekwenda nayo. Usifute wala kufomati diski ya nodi iliyokufa, zimo humo. Kuibadili iwe ya kusubiri inawezekana, ila kwenye PostgreSQL ukiwa na nakala moja tu ya kusubiriwa, siku nakala inazima na seva kuu inaganda kwenye kuandika. Weka nakala mbili au ukubali hasara ya sekunde chache, na anayekubali awe meneja kwa maandishi.

Upande wa pili wa sarafu, nakala ilizimwa wiki mbili, replikesheni sloti (alama ya nakala ilipoishia) ikabaki, seva kuu ikatunza WAL zote, yaani logi za mabadiliko ya database, mpaka diski ikajaa ikafa. Tangu PostgreSQL toleo la 13 kuna `max_slot_wal_keep_size`, lakini haijawekwa kikomo mpaka uweke wewe.

Dalili ya 7: umeme umerudi, klasta haiamki

Kama ni Galera (klasta ya database za MySQL au MariaDB), usiwashe nodi ya kwanza uliyoifikia. Soma `grastate.dat` kwenye zote, yenye `safe_to_bootstrap: 1` ndo inaanza. Zote zikiwa 0 na seqno (namba ya muamala wa mwisho) ni -1, endesha kila moja na `--wsrep-recover` ulinganishe namba, kubwa ndo mwanzo. Ukianza na iliyobaki nyuma, zile zingine zitajifuta kumfuata.

Kisha cheki saa. Betri ya sarafu CR2032 kwenye bodi ikifa, seva inaamka inadhani ni mwaka wa nyuma kabisa, vyeti vinakataliwa, na kama intaneti bado haijarudi chrony, programu ya kusawazisha saa, haina wa kumuuliza. Iwe na chanzo cha saa ndani ya ofisi, hata rauta yenyewe.

Ukiamua kunipigia mimi au fundi yeyote

Uwe na haya mkononi: saa ilipoanza, umeme ulikatika au la, picha ya `pcs status` au `pvecm status` ya KILA nodi, logi za `journalctl -u corosync -u pacemaker` kuanzia dakika kumi kabla, na nani aligusa nini tangu hapo, bila kuficha, hata kama ni hita. Na uniambie mara ya mwisho mliichomoa seva moja kwa makusudi lini, namaanisha kuchomoa waya wa umeme siyo kuizima kistaarabu, maana ikizimwa kistaarabu inaaga mwenzie na kumkabidhi kazi, ikifa ghafla haiagi. Kama jibu ni hatujawahi, sema tu hatujawahi, nitajua nianzie kwenye fensi.